Hisa Nilizouza Bila Kuwa Nazo

Dada Nduku,

Pokea salamu kutoka huku Garissa. Joto limetumaliza, shule imefunga, na goti langu bado linasumbua. Mama mkwe wako alipata nafuu?

Nduku, nimekosa. Mwezi wa tatu nilimuuzia mwenye nyumba wangu, Abdisalam, hisa elfu ishirini za kampuni moja ya ngozi, zile za shilingi moja moja. Sikuwa nazo. Nilidhani bei itaanguka, nizinunue rahisi, nimpe, na faida ibaki kwangu. Aliniuliza waziwazi, "Mwalimu, hiyo kitu iko kwako? Dini yetu inakataa kununua kitu muuzaji hana." Nikamwambia, "Iko."

Bei ikapanda mpaka shilingi nne, na mimi siziwezi tena. Kila akiniuliza hisa zake, namwambia hisa hizo baba alituachia sisi wawili, na wewe ndiye unakataa kutia sahihi ziuzwe. Miezi mitano sasa. Juzi mkewe, Deka, aliniletea chai akasema, "Pole, mwalimu. Dada kama huyo ni mtihani, wallahi." Nikainywa hiyo chai yote.

Ijumaa baada ya swala Abdisalam atakupigia simu akubembeleze. Namba nimempa mwenyewe, kwa sababu nimejaribu kumwambia ukweli na mdomo unakataa. Nduku, usinifichie uongo huu. Mwambie baba hakutuachia hisa hata moja.

Ni mimi kaka yako, niliyechoka,
Silas