Yaya, nilifika Mutshatsha mi mwenyewe

Yaya Marselina, dada yangu mukubwa,

Ni mi mudogo wako Kaseba, mwenye ulikuwa unaita Redio. Ninakuandikia ku meza yako ya kukatia mboga, na mvua ya Kolwezi inapiga mabati vile unaijua. Tangu tulikuzika mu majira ya baridi, bitu bingi bimegeuka. Mboga yako ya lengalenga imekuwa pori. Ile kuku yako nyeupe inakataa kutagia kwangu, inaenda kutagia kwa jirani. Na ku shapeli, kwa sababu wewe njo ulikuwa katekista, Adventi ilifika bila mutu wa kufundisha. Nikasimama nikasema: mi niko hapa.

Unacheka, ninajua. Mi mwenye niliacha masomo primere ya tano kwa sababu mwalimu alikuwa ananiogopa. Lakini batu bananijua. Mi njo nilisukuma treni ya Dilolo na bega moja mpaka stasio, siku mashini ilizimika. Wewe ulikuwa unasema tulikuwa banaume makumi mbili na kile kitu kilikuwa kitoroli cha mawe. Sawa. Kata nusu, kama kawaida yako.

Jumapili ya mushumaa wa kwanza nikafundisha fumbo la Umwilisho, Mungu kupata mwili wa mutu. Nikabaambia: zamani Mungu alikuwa anatuma batu. Anatuma nabii huyu, anatuma malaika ule. Batu banasikia, banasahau. Mwisho akachoka, akasema basi, ninaenda mi mwenyewe. Hata bakwaya baliacha kutafuna karanga. Nilihubiri kushinda askofu, Yaya, na hiyo si bongo, si uongo.

Ku mulango, rafiki yako Mama Odila akanishika shati. "Tata Kaseba, umesema vizuri. Na ule mutoto wa Mutshatsha, umemubeba?"

Hiyo habari haikukufikia. Binti yako Klementine, mutoto wako mumoja tu, alizaa wakati mvua inaanza. Mutoto mwanaume. Na kwetu mutoto wa kwanza hatoki inje mpaka nkambo, bibi ao babu wa upande wa mama, amupake musalaba wa pemba, ule udongo mweupe, ku paji la uso, halafu amubebe kuvuka mulango. Kazi ilikuwa yako. Ulikufa, ikaanguka kwangu. Na mi sikuenda. Sababu unaijua. Bwana yake, ule krezeri wa kuchimba kobalti, alikuja kuomba binti peke yake, bila wazee, na mi nikasema sikai chini na mutu mwenye hana ukoo. Bakahamia Mutshatsha kulima. Siku zako za mwisho uliniambia, "Redio, enda ubaone." Nikasema nitaenda.

Lakini usifikiri nilikaa bure. Nilifunga pemba mu kitambaa, nikapatia shofere wa kamio, ile lori ya makala. Halafu nikatumia Klementine audio ku telefone, dakika kumi na mbili, na majina ya bankambo bote, mpaka ule mwenye aliua simba na mwiko. Nikamuagiza: pakeni mutoto pemba, wekeni telefone ku sikio yake, halafu mumutoe. Niliona ni akili ya kisasa.

Akajibu na maandishi mafupi: "Asante, Tata. Mutoto hajui kushika telefone. Anajua kushikwa tu."

Nilisoma ile maneno mara mingi. Mi mwenye nilifundisha batu kwamba Mungu alichoka kutuma.

Nikavaa koti yangu ya Jumapili, nikapanda ile kamio ikirudi tupu. Tulikwama mu matope mara saba, na mara saba niliinyanyua. Kata nusu.

Klementine alifungua mulango. Akanipatia mutoto. Bwana yake akaniletea kiti, kilikuwa kimoja tu, na yeye akakaa chini. Nilikuwa na hotuba ndefu mu kichwa. Nikapaka pemba, nikavuka mulango, mutoto akakunja macho ku mwangaza, akapiga chafya. Halafu akanikojolea. Koti yote, mpaka ku ngozi. Hapa, Yaya, usikate kitu.

Hotuba ikapotea. Nikafikiri: basi Yozefu naye alikojolewa. Mwenye aliumba muto wa Lualaba na kuficha shaba mu udongo alilowesha nguo za fundi wa mbao, na fundi akajipangusa tu. Miaka hii yote nilifikiri Umwilisho ni Mungu kujionyesha. Kumbe ni Mungu kukubali kubebwa.

Ule kijana akaruka, akavua shati yake mwenyewe anipanguse, anaomba pardo, nimusamehe. Nikamwambia, "Acha, mukwe." Sikuwa nimemwita vile hata siku moja. Nikakaa chini karibu naye, na koti yangu vile ilikuwa. Klementine akageukia ku jiko, mabega yanatikisika. Sijui alikuwa anacheka ao analia.

Nimerudi Kolwezi kuchukua nguo na beseni yako ya buluu. Ku shapeli bananitaka nihubiri siku ya Noeli. Nimekataa. Mi, Yaya. Batafute mwingine. Klementine hana mama wa kumufundisha kuogesha mutoto, na niliona vile mikono yake inaogopa kile kichwa kidogo. Hii kazi siijui, na sina hadithi ya kusema niliogesha batoto mia moja. Lakini wewe uliniogesha mi, wakati mama yetu alikuwa ku shamba, na ninakumbuka: unatia kwanza kiwiko mu maji, unangoja kidogo, unasikia kama hayachomi.

Kesho asubuhi ninapanda kamio. Ninakuahidi, mpaka shingo ya huyu mutoto ikaze, mi njo nitachemsha maji yake. Bamama ba Mutshatsha bacheke mpaka bachoke. Nitatia kiwiko kwanza.

Pumzika, Yaya wangu.

Mudogo wako,
Kaseba