Yaya, Hayakuwa Maziwa ya Mama Eliza

Yaya wangu Riziki, dada yangu mkubwa,

Huko uliko simu haifiki, basi nakuandikia, tena nikiwa na hasira. Ulizoea kuniambia, "Mudogo, poa kwanza, utaongea kisha," na mimi nilikuwa napoa kweli, kwa sababu ni wewe uliyesema. Leo sipoi.

Unakumbuka asubuhi zetu hapa Baraka, ukiwa na mimba ya Amani? Ndagala, vile visamaki vya ziwani, zilikutia kichefuchefu, hata harufu yake tu. Kitu pekee kilichokaa tumboni ni maziwa ya Mama Eliza, jirani yetu aliyeshuka kutoka milimani Minembwe. Alikuwa anakusimamia mikono kiunoni: "Kunywa yote, we mwanamuke! Mutoto iko na njaa!" Ulicheka mpaka maziwa yakakutoka puani.

Kisha hospitalini wakakupasua, Amani akatoka mzima, akipiga kelele, lakini kidonda chako kikakataa kupona. Daktari akatoa dawa. Akabadilisha. Akabadilisha tena. Nilikupepea na kitenge, ukazidi kuwaka moto mpaka ukatuacha. Tulikuwa hatujatoka makaburini Baba Mukubwa akatamka kwamba dawa ya hospitali haishindwi bure, kuna mtu alikuwekea sumu kwenye maziwa. Tangu siku ile kartié nzima, mtaa wetu wote, inamwita Mama Eliza mulozi.

Sasa sikia kazi ninayofanya siku hizi. Nachota matope. Cheka tu, kila mtu anacheka! Naingia kwenye mfereji unaopita nyuma ya soko kuelekea ziwani, najaza chupa maji na matope, naziweka ndani ya glasiere, sanduku la barafu, gari linazipeleka labo, maabara ya Bukavu. Huko mashine inatafuta jeni ambazo mikrobe, vile vijidudu vya ugonjwa, wanapeana na kurithishana, zile zinazowawezesha kuishinda dawa, na tunapima ni nyingi kiasi gani. Kwenye chemchemi ya juu kule Fizi zilikuwa chache. Kwenye mfereji wetu, mama yangu, zimejaa! Na zimo zinazoshinda dawa ile ile uliyochomwa. Hakuna mlozi pale. Ni sisi wote, tunaomeza vidonge siku ya kwanza na kuacha tukipata nafuu, tunaofungua kapsuli na kumwagia kuku unga wake.

Jumapili familia ilikutana. Wakakata shauri kwamba Mama Eliza ahame mwezi huu, akikataa vijana watamtoa. Nikasimama, nikawaeleza nilichopima. Baba Mukubwa akanikatiza.

"Matope yako ilikuwa kwa kitanda ya Riziki? Iliona nini?"

"Haikuona kitu," nikamwambia. "Siwezi kuapa ni mikrobe gani ilimuua. Lakini ninyi mulisema dawa haiwezi kushindwa bila sumu. Inaweza! Sasa mumebaki na nini juu ya huyu mama?"

Baba Mukubwa akanionyesha mlango, akasema, "Mwenye kumutetea aende alale kwake."

Haya basi, nimekwenda. Nimebeba godoro, nimemshika Amani mkono, na hapa ninapokuandikia ni kwenye meza ya Mama Eliza. Yeye mwenyewe alinifukuza mlangoni: "Rudi kwenu, binti yangu, batakuumiza bure." Nikamwambia kwetu ni hapa, na nikaingia. Usiku huo tulilia pamoja, Yaya, kilio ambacho hakuna aliyemruhusu kukitoa kwa ajili yako. Alikuwa anakupenda. Miaka yote hii amekaa na msiba wako peke yake, ndani, mlango umefungwa.

Nakukosa vibaya. Kila ninapomwona Amani akitabasamu upande mmoja kama wewe, moyo unanikatika. Lakini kifo chako ni cha kuliliwa, si fimbo ya kumpigia mtu. Wakija kumtoa huyu mama kwa jina lako, nitawaambia usoni kwamba wewe hukuwatuma.

Lala, Yaya. Mlangoni niko mimi.

Mudogo wako