Jumamosi Wataniomboleza Nikiwa Hai

Tunduma, Alhamisi, saa kumi na moja jioni.

Baridi ya mwezi wa saba haina adabu. Inapenya sweta, inapenya kitenge, inakuja kukaa magotini. Vumbi la malori limetanda tangu asubuhi na koo linaniwasha. Lakini si baridi inayonisumbua sasa hivi, nisijidanganye.

Naogopa. Nimeona niandike hilo kwanza, mengine yafuate.

Nyumbani Iyula tulifundishwa kwamba mtu akiandika mawazo yake, msomaji wa kwanza ni Ibilisi. Basi yeyote unayesoma, karibu, na unisamehe kwa kukufikiria vibaya. Hii ni mara ya nne naandika hapa, kwa simu ya Dada Sekela, na kila nikibonyeza kutuma naangalia mlangoni kama mtoto aliyedokoa nyama.

Kwa ambaye hajasoma huko nyuma: nina miaka ishirini na mbili, na nimezaliwa na kukulia ndani ya Kusanyiko. Jina lake kamili silitaji. Tulikuwa kaya thelathini na kitu, tukilima kahawa na mahindi kama majirani zetu, ila hatukuwa kama wao. Hospitali hatukwenda. Picha hatukupiga, simu hatukushika, shule ilikuwa mwisho darasa la saba. Na kubwa kuliko yote, hatukukubali vidole vyetu viandikishwe popote, iwe kwa kura au kwa kitambulisho, kwa sababu hiyo ndiyo alama ya mnyama. Mzee Elikana, kiongozi wetu, alikuwa akiinua mikono yake miwili mbele ya watu na kusema kwamba aliye wa Mungu kweli, hata akilazimishwa, alama haitamshika.

Niliondoka miezi mitatu iliyopita, alfajiri, juu ya gari la mahindi. Dada Sekela, mtu wa Isongole anayeuza chai na vitumbua jirani na maegesho ya malori, alinikuta nimekaa juu ya begi langu, akanipa kikombe. Hakuniuliza kitu mpaka nilipomaliza. Tangu siku hiyo naishi kwake na namsaidia kuuza.

Miezi mitatu inatimia Jumamosi. Ndiyo maana naogopa.

Kwetu mtu akiondoka anasubiriwa miezi mitatu. Ikiisha, anafanyiwa msiba. Si mfano wa msiba, ni msiba wenyewe. Watu wanakuja na unga na maharage, moto unawashwa uani, wanawake wanakaa chini ndani. Nguo alizoziacha zinafukiwa nyuma ya nyumba. Mama mzazi anakaa katikati na analia, na wazee wanakaa mbele yake wanamwangalia. Wanamwangalia hasa. Mama asipolia inavyotakiwa, wanasema na yeye moyo wake umeshatoka, anatengwa. Hakuna wa kumsalimia, hakuna wa kumsaidia kuvuna. Baada ya hapo jina la aliyeondoka halitajwi tena na mtu yeyote.

Najua namna unavyofanyika kwa sababu nimewahi kulia kwenye msiba kama huo. Nililia kuliko wote.

Alikuwa Rehema, rafiki yangu. Tulichuma kahawa mstari mmoja tangu tukiwa wadogo. Alipoondoka nikakasirika, na hasira ile niliitoa yote kwenye msiba wake, nikagaagaa mpaka wanawake wakanisifu. Baadaye tukaambiwa amekufa kweli, huko alikokwenda, kabla mwaka haujaisha. Nani alimwona? Hakuna. Lakini wote tuliamini, kwa sababu ndivyo tulivyoambiwa: anayeombolezwa na Kusanyiko hamalizi mwaka.

Mwaka jana mama yake Rehema alinikuta mtoni nafua. Akaangalia kulia na kushoto, akaniuliza kwa sauti ndogo, "Unakumbuka mwanangu alivyokuwa akicheka?"

Nikamjibu, "Rehema yupi, mama?"

Alichukua ndoo yake akaondoka. Maji hakuchota.

Hicho ndicho kilichonitoa Iyula, kama kuna anayetaka kujua. Wala hakuna mtu aliyenipiga. Ni jibu langu mwenyewe.

Sasa leo.

Dada Sekela amenitafutia kazi ya usafi na kupika chai kwenye ofisi ya wakala mmoja wa mizigo hapa mpakani. Bosi hana neno, ila anataka namba ya kitambulisho. Kwa hiyo asubuhi nilikwenda kuandikishwa, na barua yangu ya serikali ya mtaa mkononi. Nilijisemea njia nzima kwamba ni kitambulisho tu, kila mtu anacho, hata Dada Sekela anacho na anasali kuliko mimi. Akili ilikubali. Hata hivyo kwenye foleni nilitoka mara mbili, nikarudi.

Zamu yangu ikafika. Kijana wa mashine akaniambia niweke vidole vinne kwenye kioo. Nikaweka. Akasema nibonyeze zaidi. Nikabonyeza. Akafuta kioo kwa kitambaa, tukarudia. Mkono wa kushoto. Dole gumba. Tukarudia tena.

"Dada, vidole vyako havisomi," akasema.

Nikamuuliza havisomi maana yake nini.

"Havina alama. Mashine haioni kitu."

Nimwombe nani aamini nilichosikia wakati ule? Watu wa nyuma yangu walisikia kijana analalamikia mashine. Mimi nilimsikia Mzee Elikana. Nilimwona kabisa ameinua mikono yake miwili. Alama haitamshika. Kijana aliendelea kuongea, kitu kuhusu mafuta na kurudi baada ya wiki mbili, mzee mmoja kwenye foleni akacheka akasema huyu binti amelima sana. Sikungoja. Nilitoka mbio, barua yangu nikaiacha mezani.

Nilivyokuwa natembea nilijihesabia kila kitu kwa haraka kama mtu anayefungasha nguo. Kama la vidole ni kweli, basi na la kutomaliza mwaka ni kweli. Kama la kutomaliza mwaka ni kweli, Rehema amekufa na mimi ninafuata. Lori moja lilinipigia honi karibu linikanyage na sikushtuka hata kidogo, kwa sababu nilishaona ndivyo itakavyokuwa. Nilipokaribia kibanda cha Dada Sekela nilikuwa nimeshaamua. Narudi Iyula leo leo.

Mama yangu alikuwa amekaa kwenye benchi.

Nilikuwa sijamwona kwa miezi mitatu. Amevaa ushungi wake mweupe, ndala zimejaa vumbi, kikombe cha chai mbele yake hajakigusa, maana haruhusiwi kula cha watu wa nje. Dada Sekela alikuwa anahudumia madereva wawili Wazambia, anawajibu salamu zao za "muli shani" kwa sauti kubwa kuliko kawaida ili tupate nafasi. Ng'ambo ya barabara, pale wanapokaa wabadilisha fedha, alisimama Mzee Elikana na Biblia kwapani, anatuangalia.

Nikajua. Ule ulikuwa wito wa mwisho. Kabla ya msiba mama anaruhusiwa kuja kukuita mara tatu, kwa sauti ambayo shahidi anaisikia. Ukijibu "narudi" hata mara moja, unaondoka naye saa ileile na msiba unafutwa. Ukinyamaza mara zote tatu, imekwisha. Hakugusi na wewe humgusi.

"Mwanangu, rudi nyumbani," mama akaita. "Mlango haujafungwa."

Nilifungua mdomo kujibu. Naapa neno lilikuwa limeshafika kwenye meno. Badala yake nikaanza kulia na kumweleza yaliyonikuta, kwa Kinyiha, sauti ya chini. Mzee Elikana alikuja kwetu akiwa mtu mzima na Kinyiha hajawahi kukishika vizuri, kwa hiyo tangu utoto ndiyo lugha yetu ya kuambizana mambo ya ndani. Nikamwambia, "Mama, mashine imekataa vidole vyangu. Ni kweli alivyosema. Mimi ni wa kule, naogopa."

Nikamnyooshea mikono aone. Nilitegemea atamshukuru Mungu.

Mama aliitazama. Kisha akasema, kwa Kinyiha vilevile, "Hilo ni jembe. Jembe na kuosha kahawa hulainisha vidole. Hata vyangu vilikataa."

Sikuelewa. Nikamuuliza vyake vilikataliwa wapi.

"Mwanangu, rudi nyumbani!" akaita kwa Kiswahili, mara ya pili, akimtupia jicho Mzee. "Mlango haujafungwa!"

Kisha akashusha tena sauti na kunieleza upesi upesi, uso ameuelekeza kwenye kikombe. Mwaka ule baba alipokufa, watu walikuwa wanaandikishwa kupiga kura. Mama alikuwa ameshafunga nguo zake na zangu kwenye kanga. Alitaka tuhamie kwa ndugu zake Momba, na mtu alimwambia kadi ya kura itamsaidia kutambulika huko. Akaenda kwa siri. Akaweka vidole kwenye kioo. Vikakataa.

"Nikadhani ni Mungu," akasema. "Nikarudi, nikafungua zile nguo nikazitundika."

Nilikuwa na miaka kumi na mbili. Nimeishi miaka kumi humo ndani, nimemlilia Rehema, nimemkana mbele ya mama yake, kwa sababu mama yangu alikuwa na mikono ya mkulima. Sijui nilitakiwa nihisi nini.

"Yule wa mashine hakukwambia kitu?" nikamuuliza.

"Aliniambia nikanawe nirudi kesho. Niliogopa kurudi."

Ng'ambo ya barabara Mzee Elikana alianza kuvuka. Alisimama katikati kupisha lori. Mama akaiona hiyo nafasi, na maneno aliyoniambia nayaandika yote hapa, nisije nikayasahau au nikajishawishi kwamba niliyatunga.

"Nikiita mara ya tatu, usijibu. Na Jumamosi nitakulilia kwa nguvu, watakuletea habari kwamba nilianguka chini. Usiniamini."

Lori likapita. Mzee akafika upande wetu.

Mama akasimama na kuita mara ya tatu, kwa sauti ambayo hata wale Wazambia waligeuka. Sijawahi kunyamaza kwa nguvu kiasi kile. Niliuma ulimi, bado unauma hadi sasa. Mzee Elikana aliningoja, akanitazama kwa huruma, naye nadhani ananihurumia kweli, kisha akamwambia mama, "Twende." Mama akajifunga ushungi vizuri na kumfuata. Hakugeuka nyuma. Hairuhusiwi kugeuka.

Dada Sekela alikuja akakaa pale mama alipokuwa amekaa. Akaniuliza kama nimekula. Nikamwambia kesho nitarudi kuifuata barua yangu kule ofisini na nitamuuliza yule kijana nipake mafuta gani. Akasema sawa, halafu akaniacha nilie.

Nimekaa hapa tangu wakati huo nikitafuta nafuu, kwa sababu mtu aliyeambiwa nilichoambiwa leo angepaswa kupata nafuu. Nimepata kidogo. La kufa kabla ya mwaka kwisha limepungua, bado lipo lakini limekaa kwa mbali. Nafasi yake imechukuliwa na jingine.

Mama si mtu wa kulia. Baba alipokufa, mtu aliyempenda, alikaa kimya siku tatu, macho makavu, wanawake wakanong'onezana hadi mazishi yakaisha. Hajui kuigiza. Akiwa na siri huwa anashika pembe ya kanga anaizungusha kidoleni, na wazee wote wanalijua hilo. Keshokutwa watamkalisha chini, watakaa mbele yake, watamwangalia machoni, na yeye atakuwa anajua kwamba niko hai, nina afya, nauza vitumbua Tunduma.

Miezi mitatu yote nimeogopa kilio cha mama yangu. Leo naogopa asije akashindwa kulia.