Bonane Hii Hakuna wa Kututabiria

Baba Zaituni wangu,

Bonane inakaribia, mwaka mpya mwingine, na hapa Ujiji wenzetu wa Rumonge tuliovuka nao ziwa wananiuliza kama vile mimi ndiyo redio yako. "Mama Zaituni, bwana angalikuwepo angesema mwaka ujao iko na nini?" Nawajibu sijui. Wanadhani nawaficha.

Ah, wewe na utabiri wako! Kila asubuhi ya Bonane, tangu ule mwaka wa uhuru, ulitoka barazani na kanzu inayonuka mawese, ukaikalisha redio kwenye kiti chake peke yake kama mgeni wa heshima, ukaanza. Kwanza mashine, kisha mataifa, mwisho mtu mwenye mtaji auweke wapi. Ulisema Wabelgiji wataondoka lakini misumari tutaendelea kununua kwao, na ikawa. Ulisema kila nyumba ya Rumonge itakuwa na simu ya kuongea na Bujumbura. Simu hiyo naingoja mpaka leo. Mimi ndani nakaanga mandazi, nakupigia kelele dirishani: "Mutabiri mukubwa, jana ulisema mvua hainyeshi, na ndagala zangu nilizoanika zimelowa!" Majirani walicheka hadi wakakohoa, na wewe ukacheka kuliko wao.

La mwezini nilikubali. Ulisema watu watafika, tukadhani una homa, wakafika. Tangu hapo hata mimi nikawa naipua mafuta nije nisikilize.

Bonane iliyopita ulitabiri kwa raha kuliko zote. Mashine: kinu cha injini cha kukamua mawese, tuache kujichosha mikono. Mataifa: Kongo wamechoka kupigana, na kwetu ni shwari. Mtaji: haba na haba hujaza kibaba, kila mtu alete alichonacho, tuwe na kinu chetu wenyewe. Wakaleta. Mkawa mnakaa kikao kila Ijumaa baada ya sala, mlango umefungwa ili watoto wasiwasumbue. Kinu kikaja kwa meli, vipande vipande ndani ya masanduku, kikajaa ukumbini kwetu, na Zaituni akawa anapanda juu yake kucheza.

Kisha ukaingia ule msiba. Wakaja kwanza watu wenye mapanga, wakaua. Wakafuata askari, nao hawakuuliza nani alifanya nini. Nilikushika kanzu nikakuambia tuvuke, mtumbwi upo Kigwena. Ukasema, "Mali ya watu hii, mama. Nikiondoka leo, kesho watasema nimeila."

Kesho yake kamyo ya askari ikasimama mlangoni. Walikuwa wameshaambiwa: vikao vya Ijumaa, mlango umefungwa, watu wanatoa pesa, masanduku ya vyuma. Ukawafungulia masanduku. Ukawaonyesha gurudumu na parafujo, ukawaeleza kwa furaha, wallahi, kwa furaha, kama uko barazani. "Mafuta, afande. Mawese tu." Yule mkubwa wao akakuuliza, "Nani anafunga mlango kwa sababu ya mawese?" Halafu akakuambia uvae viatu. Ukavaa.

Nina hasira na wewe. Mtu anaona hadi mwezini, kamyo inayokuja mlangoni kwake haioni!

Juzi walipozidi kunisumbua niliwapa utabiri wao. Niliwaambia mashine zitakuja nzuri zaidi, wakubwa wa mataifa watashikana mikono redioni, na mwenye shilingi yake aishone ndani ya nguo, asikae kikao na mtu yeyote. Wakaondoka mmoja mmoja. Sikuwaonea huruma.

Lakini hilo silo lililonikalisha kukuandikia. Tangu nivuke, mimi si mke si mjane. Shehe wa hapa alinikataza kukaa eda: bila shahidi wa kifo, mimi bado mke wa mtu. Wanawake walinihurumia, kumbe mimi nilifurahi. Nilikuwekea sahani kila siku, na Zaituni aliijua kuwa ni ya baba.

Majuzi akaja yule mvuvi wa Gitaza, mwenzenu wa kinu. Mlipanda naye kamyo ile, yeye akaponyoka. Alikataa chai. "Mama, usimungoje tena. Niliona kwa macho yangu, siku ileile." Nikamuuliza ulisema nini. Akasema uliwaomba radhi wenzako wote mliochukuliwa pamoja, kwa ajili ya kinu.

Jana nikaenda naye kwa shehe, akatoa ushahidi wake. Nilikuwa nimeshaazima nguo nyeupe za eda, nimeshamtafutia Zaituni wa kumlea nikiwa ndani. Shehe akaomba dua, akanitazama kwa upole. "Eda, binti yangu, huhesabiwa tangu siku mume alipokufa, si siku habari ilipofika. Yako imekwisha zamani. Rudi nyumbani, huna unachodaiwa."

Yaani niliikaa eda yako yote bila kujua, bwana. Niliikaa na kanga ya maua, nikibishana bei ya muhogo sokoni, nikicheka na wenzangu mtoni, nikikupakulia chakula. Hata kukulilia kwa siku zake sikupata. Nguo nyeupe nimezirudisha kwa mwenyewe.

Kaburi lako silijui, kwa hiyo sijui nikuelekee upande gani ninapokuombea. Mungu akulaze pema.

Ni mimi, mjane wako ambaye eda yake imekwisha,
Mama Zaituni