Sinunui Gauni la Wema

Jumatano, 3 Septemba 2025
Leo mnada. Sijaenda, nisije nikanunua! Nimekaa na friji langu, nafunga barafu za ubuyu. Friji ndiyo dhamana ya mkopo wa kikundi. Limebaki rejesho moja tu, Jumatatu. Nikikosa, akina mama wenzangu watakuja kulibeba, kama walivyobeba godoro la Mama Fredy, mtoto kalilalia. Eti sheria. Langu haliguswi!

Alhamisi, 4 Septemba
Wema kaja. Anauza mitumba, tuko kikundi kimoja. Kafungua belo, kaniwekea gauni jeupe la kumfaa binti yangu Lusia, la kipaimara. Elfu tano! Lina lesi mpaka mikononi. Lusia kalishika, kajipimia kifuani.
Nimekataa. Wema kacheka, eti Mama Lusia siku hizi mkono wa birika. Sawa, birika! Birika halidaiwi.

Jumamosi, 6 Septemba
Wema tena. Sasa elfu nne, eti chukua mayu, mama yangu, utalipa taratibu. Ndivyo nilivyoingia madeni, taratibu! Vitenge, viatu, pochi — vyote bei ya kutupa. Nimemwambia Lusia atavaa gauni la dada yake, pindo nimeshalishusha. Askofu anapaka mafuta kwenye paji la uso, hapaki gauni.
Wema kaondoka bila kuaga. Si kawaida yake.

Jumatatu, 8 Septemba
Naandika hapa hapa kikaoni, wanadhani napiga hesabu.
Nimelipa! Nimemaliza! Vigelegele. Mama Herman, mwenyekiti wetu, kanikumbatia.
Halafu zamu ya Wema. Hana. Kapungukiwa elfu nne. Wiki nzima hajauza. Kumbe ndiyo maana alikuwa ananing'ang'ania.
Kwetu pesa isipotimia hakuna kutoka. Mlango umefungwa. Mama Herman anasema itimie, la sivyo twende tukabebe belo lake. Akibebewa belo atauza nini?
Wema katoa lile gauni kwenye mfuko, kauliza nani ana binti. Linapita mkono kwa mkono. Wanalisifia, hela hakuna. Sasa wamenigeukia mimi. Mama Herman eti, si wewe umemaliza deni, unaogopa nini?
Nina elfu tano, ya sukari na ubuyu wa kesho. Ya biashara! Nimesema sinunui. Nimesema kwa sauti!
Gauni limefika magotini kwangu. Nalipitisha sasa hivi kwa wa pembeni yangu. Wema anatazama sakafu.
Nalipitisha.