Anayemdai Marehemu

Kijijini, kwa Posta ya Bunda
14 Agosti 1973

Kwako kaka yangu mpenzi Salum,

Asalaam aleikum. Natumaini barua hii itakukuta mzima huko Tabora, wewe na wenzako wa gereji. Sisi huku wazima wa mwili, tunashukuru. Mama yumo ndani anakaa eda, anakula kidogo na kulala kidogo, na kila asubuhi ananiuliza kama umeandika. Barua yako ilifika. Nilimsomea salamu na pole, kisha nikaikunja pale ulipoanza kunitukana.

Nilikasirika, kaka, sikufichi. Halafu nikaona una haki. Unasema nimekunyima uso wa baba, kwamba ameugua miezi minne bila wewe kujua, na simu ya maandishi nikaipeleka Bunda tumeshamzika. Yote ni kweli. Umeuliza nilikuwa na moyo gani. Nitakueleza, ila itabidi nianzie kwenye lori, na nakuomba usirukeruke kurasa maana nakujua.

Unakumbuka lori la kijiji lilipokuja kutoka Mwanza, jipya, linanuka rangi, na jinsi lilivyokuwa likilala tumbo kwenye tope jeusi la njia ya Kisorya. Tulikuwa tunalichimbua kwa majembe, mimi mmojawapo. Ulipokuja likizo ya chuo mwaka jana baba alifunga karakana yake akavukia Ukerewe kwenye msiba wa shangazi. Ukaenda Musoma, ukarudi na springi za basi bovu, ukaziongeza kwenye zile za lori, ukakata na vipande vya chuma ukavipachika juu ya ekseli. Lori likanyanyuka. Lilipopita lile tope bila kugusa, watu walichinja dume. Wanawake waliimba jina la Yunusu, kwa kuwa huku mtu husifiwa kwa baba yake. Mzee Magesa, mwenyekiti wetu, akaandikisha barua ya sifa, na barua hiyo ndiyo iliyokufungulia mlango wa gereji ya Tabora. Uliondoka Ijumaa na jogoo kwapani, unacheka.

Mambo yaliyofuata tulikuandikia kwa ufupi tu, kwamba lori limeharibika. Liliharibika msimu wa pamba, limejaa mpaka juu, kabla ya kufika Manyamanyama. Jilala dereva alisikia kishindo chini ya miguu yake, kisha mafuta yakamwagika barabarani. Propela, ule mhimili wa kuzungusha magurudumu, ilikuwa imekatika na kulipiga giaboksi likapasuka. Hakuumia mtu. Lori lilivutwa na ng'ombe mpaka nyumbani, jozi tatu mbele na watoto nyuma. Nasi tulicheka, kwa sababu lilikuwa na dhamana ya mwaka mzima na mwaka haujaisha. Tulijua waliotuuzia wataleta giaboksi jingine.

Wakamtuma mkaguzi, bwana mmoja anaitwa Clementi, mtu wa adabu aliyewaamkia wazee kabla ya kufungua mkoba wake. Alilala chini ya lori kwa muda mrefu. Alipotoka aliuliza jambo moja tu, nani amelinyanyua. Akaeleza kwamba lori likinyanyuliwa vile, propela inakaa mshazari kuliko ilivyotengenezwa, na kiungo chake kinalika kila siku mpaka kinaachia. Kwa hiyo dhamana ilikwisha siku springi zilipoguswa. Mzee Magesa alibisha kweli kweli. Alisema springi ndizo zilizoguswa na springi ni nzima, giaboksi hakuna aliyeligusa. Akamwuliza kama ng'ombe wake akivishwa kengele halafu akafa kwa tumbo, atailaumu kengele. Watu wakacheka, na bwana Clementi naye akacheka, lakini hakubadili neno.

Alisema, "Giaboksi ni letu, mzee. Urefu huu si wetu."

Hapo ndipo macho yalipogeuka. Kazi ile kila mtu aliiona ukiifanya wewe, kaka. Vijana walianza kulitaja jina lako, na mmoja akasema kama barua ya kwanza ilifika Tabora, ya pili, ya mashtaka, nayo itafika. Nilikuwa nimesimama na mtungi wa maji ya mgeni. Baba akanyanyuka pale alipokaa.

Akasema, "Kipimo ni changu. Nilimwachia kabla sijavuka Kisorya. Salum alikuwa mikono tu."

Basi, wakamwamini. Nani asiyejua kwamba mwanafunzi hufuata kipimo cha fundi wake? Hakuna aliyemtukana. Laiti wangemtukana, maana baba alikuwa anajua kujibu. Walinyamaza tu, na majembe yao na plau zao wakazipitisha mlangoni petu kuzipeleka kwa mafundi wa Bunda. Pamba ilibebwa kichwani, iliyobaki ikakutwa na mvua, na mabati ya zahanati hayakununuliwa mwaka ule. Wajawazito bado wanapokelewa kwenye banda la nyasi linalovuja, na kila lilipovuja baba alitajwa.

Alikwenda Mwanza mara mbili kuwasihi wale wauzaji. Walimpa chai, wakamkatalia. Aliporudi mara ya pili alizifungua springi zako peke yake, na vile vyuma, akalirudisha lori kwenye urefu wake wa zamani, akidhani labda wakiliona hivyo watalegeza. Kijana mmoja alipita akasema sasa limekufa na limekuwa fupi. Nilimrushia jiwe. Halikumpata, na bado nasikitika.

Ugonjwa ulianza kifuani, mwezi wa tatu. Tulimpeleka Musoma, wakatupa dawa, akapata nafuu, akarudi kitandani. Siku niliyochukua karatasi nikuandikie aliniona, akanishika mkono. Hakuwa na nguvu lakini hakuniachia.

Alisema, "Asiitwe. Akija wataanza kumwuliza, na Salum hawezi kusema uongo mbele ya watu. Atanipokonya nilichompa."

Niliapa mbele yake kwamba sitakuita akiwa hai. Ndiyo sababu, kaka. Huo ndio moyo niliokuwa nao. Kila usiku nilikuwa natamani uje mwenyewe, bila kuitwa, hata kwa ndoto mbaya tu.

Sasa nakuja kwenye jambo ambalo sikulisema kwa mama wala kwa mtu yeyote. Asubuhi ile baba alipoondoka kwenda Ukerewe nilikuwa nafagia uani. Wewe na mimi tunajua alichokwambia pale mlangoni. Hakukuachia kipimo chochote. Alikwambia usiliguse lile lori mpaka arudi, nawe ukaitika ndiyo baba, ukamshikia mfuko wake mpaka barabarani.

Usilolijua ni hili. Siku aliyorudi, kabla hata ya kunawa miguu, alikwenda kulala chini ya lori. Akaja nyumbani amekunja uso, akaniambia nimletee spana, atalishusha siku ile ile. Nikamletea. Mara tukasikia ngoma. Wanawake walikuwa wanakuja na fungu lako la nyama, na wewe katikati yao, wamekuvisha majani shingoni, unacheka mpaka machozi. Miaka yote aliyokufundisha hajawahi kukuona hivyo, wala mimi. Baba akaziweka spana chini. Akakupa mkono, akakwambia kazi nzuri. Aliniambia mimi atalishusha kesho. Kesho kukawa na ile barua ya sifa. Halafu akasema likizo yako iishe kwanza, usiaibike. Likizo ikaisha, msimu ukaingia, na lori halikupumzika tena hata siku moja.

Alinisimulia hayo karibu na mwisho, taratibu, akipumzika katikati. Nilikulaumu sana siku ile, nilikuita majina. Akanikatiza.

"Kosa lake lilikuwa la siku mbili, Mwamvita. Langu ni la msimu mzima."

Alifariki siku ya Jumatano kabla ya adhuhuri. Shehe alikuja kutoka Bunda na Waislamu wachache wa huko. Kijiji kilikuja pia, nawasifu kwa hilo, walijaa uani na kofia mikononi. Jeneza likiwa mbele yao, shehe akauliza kama desturi, anayemdai marehemu aseme. Unajua sisi swali hilo huulizwa, watu hunyamaza, na mwenye dai huja baadaye kwa wafiwa kwa siri. Lakini Mzee Magesa ni mtu wa kanisani, hajui mambo yetu. Ameulizwa, akaona ni haki kujibu. Akanyoosha mkono kama yuko mkutanoni. Nilimwona kupitia tundu la dirisha.

Alisema, "Sisi tulikuwaga na lori. Sasa hatuna. Yunusu tulimpendaga, lakini mmeuliza, ndiyo nasema. Tunamdai lori yetu."

Hakusema kwa ubaya. Alikuwa analia, kaka. Shehe alitazama chini, kisha akauliza nani atalibeba dai hilo ili marehemu aende mwepesi. Ndipo mama akajibu kutoka ndani, kwa sauti ambayo sijapata kuisikia kwake.

"Mwanawe yupo. Atakuja kulichukua."

Mama hajui kitu. Kwake yeye kipimo kilikuwa cha baba mpaka leo. Wanaume wakasema amina, wakanyanyua jeneza, wakaenda. Mimi niliketi chini ya lile dirisha nikajiziba mdomo kwa kanga. Kama ningekuita ungekuwa umesimama pale, mbele yake na mbele yao. Sijui ungesema nini. Nikiwa mkweli, sijui nilikuwa naogopa useme au unyamaze.

Kwa hiyo kijiji kinakungoja uje kama mrithi, kubeba dai la baba yako. Unaweza kulibeba hivyo hivyo, ukatengeneza lori lao kidogo kidogo kila likizo, na watu watakusifu. Au unaweza kuwaambia ni la nani tangu mwanzo, na Tabora wakasikia. Kiapo changu kiliisha siku ya maziko, lakini mdomo wangu haufunguki mpaka nione uso wako. Kuamua ni juu yako, wewe ndiye mkubwa. Vile vyuma ulivyokata viko chini ya kitanda chake. Alivipaka grisi visishike kutu. Sikuviondoa.

Mama anakusalimu sana na anakuombea dua. Jilala dereva anakusalimu, siku hizi anachunga ng'ombe wa kaka yake. Majirani wote wanakupa pole. Mzee Magesa naye anakusalimu kwa namna ya pekee. Jana alipita, akasema usiwe na haraka, na kwamba hajawahi kuona kijana anayekubali kubeba kosa lisilo lake. Alitaka nimwambie utakuja lini.

Nisamehe nilipokosa.

Ni mimi mdogo wako akupendaye,
Mwamvita binti Yunusu