Jua la Babu na Usingizi wa Mama

Bi Rosalind mpendwa,

Barua hii nimeiandika mara nyingi kichwani nikiwa maktaba ya shule, na kila mara naiacha kwa sababu naona aibu kumwomba mshauri wa gazetini nisiyemjua anisaidie kusema neno kwa watu ninaokaa nao nyumba moja, lakini sasa naomba msaada wako kweli, kwa kuwa Mama amesema shule ikifungwa tutahama, na Babu hajui, na mimi nimeambiwa nisimwambie.

Nina miaka kumi na mitano. Tunaishi kitongoji cha Nundah kwa Babu Lionel, baba yake baba yangu, katika nyumba ya mbao ya zamani iliyosimama juu ya nguzo. Baba anafanya kazi kwenye machimbo ya makaa ya mawe na huja nyumbani kwa zamu. Bibi Enid alipofariki tulihamia hapa ili Babu asibaki peke yake. Majina yote nimeyabadilisha, kwa sababu Babu husoma gazeti lenu kila Alhamisi, hata matangazo ya paka waliopotea.

Lazima nianze na Babu, la sivyo utamwona mtu mbaya, na si mtu mbaya hata kidogo. Alikuwa mwongoza ishara wa reli mpaka alipostaafu. Bibi alipokufa alikuwa akishinda barazani bila hata kuwasha redio, chai inapoa mkononi, ukimsalimu anaitikia lakini hakuoni. Halafu mwaka jana Baba akamshawishi aweke paneli za sola juu ya paa, upande wa kaskazini ambako jua letu la huku kusini mwa dunia hupita, na ikawa kama mtu amemrudishia kazi yake. Alijifunza kila kitu. Aligundua kwamba umeme tusioutumia mchana kampuni inaununua kwa senti chache, kisha jioni inatuuzia wake kwa bei ya mara kadhaa, na jambo hilo lilimuudhi kama mtu aliyeibiwa embe mtini kwake halafu akauziwa. Basi akaamua kila kinachoweza kufanya kazi jua likiwa juu kifanye kazi wakati huo.

Ungemwona, Bi Rosalind, ungempenda. Anaendesha mashine kama treni. Husema paa linatoa umeme wa kiasi fulani tu kwa wakati mmoja, kwa hiyo treni mbili hazipewi reli moja, na anasimama pale chini ya nyumba akitangaza, "Ya kufua, ondoka! Ya vyombo, subiri kituoni!" Wingu likipita anasimamisha, likiondoka anaruhusu. Paani hapandi, Mama alimkataza, kwa hiyo hutazama kwa darubini yake ya kutazamia ndege wa mitini kama popo wamechafua vioo, na ngurumo za jioni zikija na mvua anasugua mikono, "Haya, mwoshaji wetu kafika, na hataki hata chai." Nyama ya chumvi anaitia kwenye sufuria ya umeme ile ya moto mdogo asubuhi, na tukirudi imelainika kwa jua tupu. Mimi nimesoma vitabu vingi kuhusu jua lakini sijawahi kusoma habari za mtu anayeliheshimu hivyo.

Jirani yetu Bi Glenys humtania juu ya uzio. "Lionel, iko siku utalidai jua kodi ya kukaa juu ya paa lako!"

"Jua halina deni na mimi, Glenys. Mwenye deni ni wewe. Lile tawi la mti wako linaniibia mwanga wa alasiri."

"Si ulikate, mzee mwenye kelele! Umefungwa mikono?"

Akalikata, akapewa keki, wakacheka mpaka nikasahau kwamba mwaka mmoja nyuma Babu hakuwa anacheka kabisa.

Sasa Mama. Mama ni muuguzi wa wodi ya watoto na anafanya zamu ya usiku. Anarudi asubuhi mimi nikiwa natoka kwenda shule, anakula mkate wa kubanika akiwa amesimama, anaoga, analala. Na mahali pa kufulia, kama nyumba zote za namna yetu, pako chini ya nyumba, na mashine iko chini ya kitanda cha Mama kabisa. Nyumba ya mbao haijui kuficha siri. Nilibaki nyumbani siku moja nina mafua, ndipo nikasikia kile Mama anachosikia kila siku: jua likishapanda vizuri, mashine ya kufua inaanza, ikifika kukamua nguzo zinatetemeka na vikombe vinagongana kabatini, kisha ya vyombo, kisha ya kufyonza vumbi, kisha Babu anaranda mbao zake kwa mashine, na yote hayo anafanya kwa furaha huku akiimba, maana anaamini Mama akilala hasikii hata radi. Aliamini hivyo kwa sababu Mama mwenyewe alimwambia.

Wiki mbili zilizopita Mama alisinzia kwenye taa nyekundu akirudi nyumbani. Gari likasogea lenyewe, likagonga ukingo wa barabara. Hakuna aliyeumia. Nilijua kwa sababu niliona kifuniko cha gurudumu kimetoka nikamuuliza, na yeye akakaa kwenye ngazi akaanza kulia, na Mama si mtu wa kulia.

"Usimwambie Babu," akasema.

"Lakini Mama, si umwambie tu apunguze kelele?"

"Mwanangu, ulimwona alivyokuwa baada ya Bibi. Nikimwambia, atazima kila kitu, aombe radhi mara mia, halafu arudi kukaa barazani. Hizo mashine ndizo zilizomwinua. Na hii ni nyumba yake, mimi ni mkwe. Afadhali niondoke mimi."

Ameshaenda kuangalia nyumba ya kupanga karibu na hospitali. Ina vyumba viwili, na hakuna chumba cha Babu.

Nimejaribu kusema. Jumamosi nilishuka nimejipanga kabisa, nimeandaa hata sentensi ya kwanza. Babu akageuka, "Ndiyo, msomi wangu, una neno?" Na mimi nikasema, "Nikushikie vibanio vya nguo?" Tukaanika mashuka yote pamoja, akinifundisha kwamba kamba ya nguo ndiyo sola ya zamani kuliko zote na haijawahi kuharibika, na nilikuwa namsikiliza nikiwaza kwamba mwezi ujao atayaanika peke yake, na yatakuwa mashuka ya kitanda kimoja.

Kitu pekee ambacho Babu hakigusi ni tangi la maji ya moto. Hilo Bibi Enid alilipanga tangu Baba akiwa mdogo lipate umeme wa usiku, uliokuwa wa bei nafuu, na Babu husema hiyo ni treni ya usiku ya Enid, iacheni ipite. Nakwambia hili ili ujue ni mtu wa namna gani.

Nikisema, namsaliti Mama na huenda nikamvunja Babu. Nikinyamaza, tunahama, au Mama anasinzia tena barabarani. Nifanye nini?

Msomaji wa Chini ya Nyumba


Msomaji wangu,

Kwanza vuta pumzi. Barua hiyo ilitaka moyo, na umeiandika vizuri kuliko watu wazima wengi wanaoniandikia. Sasa kaa sawa nikugombeze kidogo, wewe na mama yako.

Mama yako ananyamaza kwa sababu anampenda Babu. Wewe unanyamaza kwa sababu unawapenda wote wawili. Haya, na Babu wa watu je? Anaimba juu ya kelele zake akiamini amewafanyia jema, na siku moja atakuta masanduku yako mlangoni asijue alikosa nini. Huko ni kumhurumia? Mnamchukulia kama kikombe chenye ufa, na mzee huyu aliibishia kampuni ya umeme na kulimudu jua. Hatavunjika kwa kuambiwa kwamba mkwe wake amechoka. Atavunjika mkiondoka.

Siri zipo za kutunzwa, na ipo siri inayokaa nyuma ya usukani. Hiyo ya pili haitunzwi na mtoto wa miaka kumi na mitano wala na mtu yeyote. Leo hii mwambie mama yako: "Nitamwambia Babu, nataka uwepo." Atakasirika. Mwache akasirike, akilala vizuri itamtoka. Na mpaka alale vizuri asiendeshe gari baada ya zamu, apande treni. Nundah si ina stesheni? Nani katika nyumba hiyo atapinga treni?

Sasa tuje kwenye paa, maana hapo ndipo ulipoandika dawa bila kuiona. Nilisoma barua yako nikafika kwenye tangi la Bibi Enid nikaweka kikombe chini. Mwanangu, katika nyumba nyingi za mji huu hakuna mashine inayokula umeme kama maji ya moto. Babu yako anakimbizana na mashine ya vyombo, anavizia mawingu, anakata miti ya watu, na huku mlaji mkubwa kuliko wote anakula umeme wa kununua kila usiku! Bibi yako alikuwa mwerevu. Enzi zake umeme wa bei nafuu ulikuwa wa usiku, akaufuata. Leo wa bei nafuu uko juu ya paa lenu saa sita mchana. Bibi Enid angekuwa hai angelihamisha tangi hilo siku ileile paneli zilipofungwa, na angemcheka mumewe kwa kuchelewa. Mwambie hivyo.

Na tangi halina sauti. Hiyo ndiyo zawadi yenyewe. Mwiteni fundi umeme mwenye leseni, Babu asiguse waya wowote, fundi ndiye alihamishe tangi kwenye umeme wa kawaida wa nyumba, unaolishwa na paa, na kulifungia saa ya kuliwasha mchana. Nyama ya chumvi iendelee kuiva mchana, nayo haipigi kelele. Na katika joto hili la Novemba, kiyoyozi cha chumba cha mama yako kiwashwe kwa jua la mchana huohuo, alale kwenye ubaridi, mvumo wake mdogo umfunike masikio. Kama chumba hakina kiyoyozi, hapo ndipo pa kutumia fedha ambazo tangi litaokoa. Kazi ya kufua isubiri mpaka Mama aamke alasiri, jua la kiangazi bado lina nguvu za kutosha kwa mashine moja, na lile tawi limeshakatwa. Siku za mapumziko ya Mama, Babu afue saa sita mchana akiimba atakavyo. Aweke na mpira mnene chini ya miguu ya mashine. Kuranda mbao akafanyie kwa Glenys, inaonekana kule keki ipo.

Haya yote usimpelekee Babu kama hukumu. Mpelekee kama ratiba mbovu inayohitaji mtu wa reli. Umeniambia wingu likipita anajua, popo akichafua kioo anajua. Mtu wa namna hiyo ukimpa kazi ngumu zaidi ya aliyonayo harudi barazani, anatafuta miwani.

Jibu hili nimekutumia kwa barua pepe wiki moja kabla ya kulichapa, makusudi, kwa sababu babu yako husoma gazeti hili na kubadilisha majina hakutamdanganya. Kwa hiyo Alhamisi akilifungua, awe ameshayasikia kutoka kwako.

Na ukishuka tena ngazi hizo ukaishiwa maneno, usishike vibanio. Sema sentensi moja tu, hii hapa. Maisha yake yote kazi ya babu yako ilikuwa kuhakikisha hakuna mtu njiani kabla hajairuhusu treni. Hajawahi kuiruhusu akijua kuna mtu njiani. Basi mwambie: "Babu, kuna mtu relini, na ni Mama."

Bi Rosalind